Waasisi Tunaowataja na Tusiowataja

Mhadhara kuhusu ibada ya Siku ya Waasisi, kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa Mbita



Nimeombwa nizungumzie ibada ya Siku ya Waasisi. Ni siku ambayo shule hufunga madarasa, wanafunzi wakavaa sare zilizopigwa pasi, wakapanda basi hadi kanisa kuu, wakaimba, wakasikiliza mahubiri, wakamshukuru Mungu kwa ajili ya watu walioianzisha shule yao. Baadhi ya shule kongwe za Kenya na Uganda zina siku ya namna hii, na shule changa nazo zinaanza kuitamani. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini naiunga mkono kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo mhadhara wangu wote: ibada hii ni ya kukiri deni, na deni halijakiriwa mpaka anayedai atajwe kwa jina. Shule inayomtaja mtu mmoja tu, yule ambaye picha yake imetundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, bado haijawashukuru waasisi wake.

Desturi ilikotoka

Tuanze mbali kidogo, tujue desturi hii ilizaliwa vipi. Huko Uingereza, katika karne za kati, wafalme, maaskofu na matajiri walitoa ardhi na mali ili vijengwe vyuo na shule. Hawakutoa bure. Walitaka wasomi watakaoishi kwa mali hiyo wawaombee roho zao baada ya kufa. Mfalme Henry wa Sita alipoanzisha shule ya Eton mwaka 1440, na mwaka uliofuata chuo cha King's pale Cambridge, sala zilikuwa sehemu ya kazi ya wasomi wake, sawa na masomo yenyewe. Hayo yalikuwa mapatano: wewe umenisomesha, nami nitakuombea.

Matengenezo ya kanisa yalipokuja katika karne ya 16, sala za kuwaombea wafu ziliondolewa katika ibada za Kianglikana, lakini siku ya kuwakumbuka wafadhili haikufa. Iligeuka ikawa siku ya shukrani. Baadhi ya watu waliokuja kufundisha huku kwetu walilelewa ndani ya desturi hiyo. Edward Carey Francis, aliyeiongoza shule ya Maseno kuanzia 1928 na ya Alliance kuanzia 1940 hadi 1962, alikuwa mhadhiri wa hisabati Cambridge kabla ya kufika Nyanza.

Katika ibada nyingi za namna hiyo husomwa kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 44. Wakatoliki wanacho katika Biblia yao. Waanglikana hukisoma kwa mafundisho. Sura hiyo huanza kwa kuwasifu watu wakuu: watawala, wenye hekima, watunzi wa nyimbo. Wasomaji wengi hukomea hapo. Lakini mwandishi anaendelea, na baada ya aya chache anawageukia watu ambao hawakuacha kumbukumbu yoyote, waliopotea kana kwamba hawakuwahi kuzaliwa. Kisha anasema kwamba hao nao walikuwa watu wa rehema, na kwamba wema wao unabaki kwa uzao wao. Kwa hiyo somo lenyewe la ibada linatuagiza kuwatafuta wasiotajwa. Ombi langu kwenu halikutoka nje ya desturi hii. Limo ndani yake tangu mwanzo.

Nyanza na waasisi wake

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1906 ulikuwa mwaka mkubwa katika elimu ya upande huu wa ziwa. Mwaka huo misheni ya Kianglikana ya CMS, chini ya J. J. Willis, ilianzisha shule ya Maseno. Willis baadaye akawa Askofu wa Uganda. Mwaka huohuo, karibu na Kendu Bay, misheni ya Waadventista Wasabato ilianza juu ya kilima cha Gendia. Ukiuliza nani aliianzisha Gendia, utaambiwa: Arthur Carscallen, kijana kutoka Kanada. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu ya jibu. Carscallen hakufika peke yake. Alifika na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi tunayoiita Malawi leo, aliyetoka naye Uingereza walikokuwa wakisoma. Walikuwa wawili. Wangapi kati ya watoto wetu wanaosoma katika shule zilizotokana na misheni ile wamewahi kulisikia jina la Nyambo?

Wengine tunaopaswa kuwahesabu ni wale ambao Waluo waliwaita josomo, wasomaji. Walikuwa wanafunzi wa mwanzo kabisa. Walijifunza kusoma misheni, wakarudi vijijini, wakakusanya watoto chini ya mti na kuwafundisha herufi na katekisimu. Wamisionari walikuwa wachache na nchi ilikuwa pana. Shule nyingi za msingi za Nyanza zilizaliwa mikononi mwa vijana hao wa Kiafrika, na mmisionari alikuja baadaye kukagua na kubariki. Upande wa Wakatoliki kazi hiyo ilifanywa na makatekista. Mapadre wa Mill Hill walikuwa na misheni kubwa Asumbi, lakini kati ya Asumbi na fukwe hizi kulikuwa na mwendo mrefu wa miguu, na aliyeutembea mara nyingi zaidi ni katekista.

Kuna jambo linalopaswa kutufikirisha. Dayosisi ya Kikatoliki ya Homa Bay, inayohudumia kaunti za Homa Bay na Migori, iliundwa mwaka 1993. Ilimegwa kutoka Dayosisi ya Kisii, ambayo nayo iliundwa mwaka 1960. Maana yake ni kwamba hapa kwetu shule nyingi ni kongwe kuliko dayosisi yao. Mtoto anapoingia kanisa kuu na kuona ukubwa wake, anaweza kudhani kanisa lilikuwepo kwanza, ndipo shule ikazaliwa. Mara nyingi ilikuwa kinyume. Darasa la nyasi lililotumika kama kanisa siku ya Jumapili ndilo lililolea waumini, na waumini ndio waliofanya dayosisi iwezekane. Shule ikienda kanisa kuu kushukuru, kanisa kuu nalo lina sababu ya kuishukuru shule.

Watoto watano wa Zanzibar

Mfano unaonigusa kuliko yote uko Zanzibar. Mwaka 1864 Askofu William Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alifika Unguja pamoja na Edward Steere. Muda si mrefu walikabidhiwa na Sultani wavulana watano waliookolewa kutoka kwenye jahazi la watumwa. Kwa watoto hao watano ndipo shule ilipoanza, ile iliyokuja kujulikana kama Kiungani. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali palepale soko lilipokuwa. Steere, ambaye wakati huo tayari alikuwa ameanza kuandika sarufi na tafsiri zilizokijenga Kiswahili cha kuandikwa, akawa askofu na msimamizi wa ujenzi. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Mgeni akiingia kanisani humo leo huonyeshwa kaburi la Steere, na ni haki. Lakini shule ile haikuanzishwa na Steere wala Tozer peke yao. Mmoja kati ya wale wavulana watano aliitwa John Swedi. Mwaka 1879 alipewa ushemasi. Mwingine, George Farajallah, alianza naye safari ya utumishi lakini alikufa mapema. Baadaye kutoka shule hiyohiyo akatokea Cecil Majaliwa, ambaye mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Mtoto aliyeporwa wazazi, jina na nchi, akakubali kuketi darasani na kujifunza kwa lugha ngeni, huyo ni mwasisi. Bila wanafunzi wale watano Tozer angekuwa na nyumba tu, wala si shule.

Ndiyo sababu nasema wanafunzi wa mwanzo wahesabiwe. Mtoto wa kwanza kupelekwa shule mpya, katika kijiji ambacho hakuna aliyewahi kuona faida ya shule, alichukua hatari kubwa kuliko aliyetoa fedha. Wazazi wake walimkosa kwenye malisho na kwenye mtumbwi. Wenzake walimcheka. Kama angeshindwa, shule ingeshindwa.

Ardhi na fedha

Wako pia waliotoa ardhi. Chuo cha King's pale Budo, Uganda, kilianzishwa 1906 juu ya kilima ambako Makabaka wa Buganda hutawazwa. Kilima kitakatifu cha ufalme kilitolewa ili watoto wasome. Hapa Mbita na Rusinga hatuna Kabaka, lakini tuna koo, na kila shule ya umma imesimama juu ya shamba ambalo zamani ukoo fulani ulilima mtama au kulisha ng'ombe. Wajukuu wa waliotoa shamba hilo leo wanabanana kwenye vipande vidogo, na baadhi yao hawana karo ya kuwasomesha watoto wao katika shule iliyojengwa juu ya ardhi ya babu yao. Shule ikisahau jambo hilo, inatenda dhambi ya kukosa shukrani, na kila Siku ya Waasisi inayopita bila kulitaja huiongezea uzito.

Fedha nazo zina historia. Shule ya Alliance ilifunguliwa Machi 1926 kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti. Sehemu ya fedha za mwanzo ilitoka kwenye mfuko wa misaada ya vita uliobaki baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika vita hiyo maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, wengi wao kutoka Nyanza, walibeba mizigo ya majeshi ya Uingereza hadi Tanganyika. Wengi waliuawa na njaa, malaria na kuhara, si risasi. Hawakurudi, wala makaburi yao hayajulikani. Ninapowasikia watu wakiitaja Alliance kama shule ya viongozi, huwakumbuka watu hao kwanza.

Rusinga na harambee

Tuvuke sasa hadi Rusinga, ng'ambo ya daraja. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 mbali na hapa, kwenye shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo ambako baba yake alifanya kazi, lakini asili yake ni kisiwa hiki. Alisoma shule za misheni, ikiwemo St Mary's Yala, kisha Mang'u, ambako hakumaliza kwa sababu karo ilikosekana. Kijana aliyekatishwa masomo na karo ndiye aliyesimamia, mwaka 1959, safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 kusoma Marekani, na wengine wakafuata. Huko Marekani barua za kuomba michango zilitiwa saini na watu maarufu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Huku nyumbani wazazi waliuza ng'ombe, na vijiji vikaandaa karamu za chai ili kukusanya shilingi za kumpeleka mtoto mmoja.

Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Misa ya kumwombea ilifanyika Kanisa Kuu la Familia Takatifu, kisha mwili wake ukaletwa kwa safari ndefu hadi Rusinga, ukazikwa hapa. Taifa zima lilimlilia, na lilikuwa na haki. Lakini angalieni hesabu. Jina la Mboya tunalijua. Majina ya watu maarufu wa Marekani tunayajua. Majina ya wazazi waliouza ng'ombe yako wapi?

Swali hilo linatufikisha kwenye shule zetu wenyewe. Baada ya uhuru watu wa Kenya walijenga shule za sekondari kwa harambee, kwa kasi ambayo serikali haikuweza kuifikia, hata kufikia miaka ya 1970 shule za harambee zikawa nyingi kuliko za serikali. Nyanza Kusini ilikuwa ndani ya harakati hiyo. Wavuvi walitoa sehemu ya mauzo yao ya samaki. Wanawake walibeba mchanga na maji kutoka ziwani kwa vichwa vyao. Mwenye duka alitoa mabati. Fundi alipiga tofali kwa ujira wa chakula. Mwalimu asiyehitimu alikubali kufundisha na kulipwa atakapolipwa. Katika kumbukumbu za kamati mara nyingi utakuta majina ya wenyekiti na wageni wa heshima. Majina ya akina mama waliobeba maji hayamo. Hao ndio waasisi halisi wa shule nyingi za hapa, na baadhi yao wangali hai. Wanauza omena sokoni. Watoto hupita mbele yao kila asubuhi wakienda shule waliyoijenga wao, na hakuna aliyewaambia.

Hoja zinazopingana nami

Najua baadhi yenu mna wasiwasi na ibada ya kanisa kuu, na wasiwasi huo ni wa haki.

Mzazi mmoja atasema: shule ni ya umma, na watoto si wa dhehebu moja. Katika darasa moja la Mbita utawakuta Wakatoliki, Waanglikana, Waadventista, wa Legio Maria, wa makanisa ya Roho, na Waislamu. Ni kweli. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 32, inakataza kumlazimisha mtu kutenda lolote lililo kinyume cha imani yake. Kwa hiyo asilazimishwe mtoto yeyote, na ibada isipangwe siku ya Jumamosi, ambapo Waadventista wataachwa nje. Lakini shukrani si mali ya dhehebu moja. Wale akina mama waliobeba mchanga walitoka madhehebu yote. Padre wa Legio Maria na shehe waalikwe wasimame na kuyasoma majina ya watu wao. Kanisa kuu ni nyumba ya dayosisi nzima, na nyumba kubwa ina nafasi ya wageni wengi.

Mwingine atasema: gharama. Kutoka hapa hadi Homa Bay ni takriban kilomita 40, na mzazi ambaye bado anadaiwa karo ataombwa nauli, sare mpya na chakula cha wageni. Nakubaliana naye kabisa. Siku ya kuwashukuru maskini waliojenga shule isigeuzwe mzigo kwa wajukuu wao. Waende wawakilishi wachache wa kila darasa. Wengine wafanye ibada shuleni saa ileile, kwa majina yaleyale. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango wa Siku ya Waasisi.

Wa tatu atasema: siku hizi zimekuwa majukwaa ya wanasiasa. Mgeni wa heshima huchelewa, watoto hukaa juani, kisha hotuba huwa juu yake mwenyewe. Hili linanisikitisha kuliko yote, kwa sababu linawafundisha watoto kwamba shule ni zawadi ya mtu mkubwa. Mtoto anayeamini hivyo akikua atasubiri mtu mkubwa mwingine aje kumjengea. Hatajenga yeye.

Ninachopendekeza

Basi nina mapendekezo manne, yote yanayowezekana mwaka huu.

La kwanza: kila shule iunde orodha ya waasisi. Wanafunzi wa historia watumwe na madaftari yao kwa wazee wa kila kijiji, waulize: nani alitoa ardhi, nani alifundisha kwanza, nani alijenga, nani walikuwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Majibu yahakikishwe kwa watu zaidi ya mmoja, kwa sababu kumbukumbu za koo huvutana, na jina lisiongezwe kwa ajili ya heshima ya mtu aliye hai.

La pili: orodha isomwe ibadani yote, polepole, na wanafunzi, si na mgeni wa heshima. Hata kama majina ni 100. Ikichukua dakika 20, mahubiri yafupishwe. Naamini Askofu hatakataa.

La tatu: waasisi walio hai wakae viti vya mbele. Mama anayeuza omena aketi mahali ambapo mbunge huketi, na mbunge akae nyuma yake.

La nne: sadaka ya siku hiyo itengwe kwa ajili ya karo ya wajukuu wa waliotoa ardhi. Hilo ndilo litakaloonyesha kwamba tumemaanisha tulichoimba.

Wanafunzi, namalizia kwenu. Mtakaposimama kanisani na kuyasikia majina hayo, mtagundua kwamba wengi wao hawakusoma. Walijenga kitu ambacho wao wenyewe hawakukitumia. Hawakuwa matajiri, hawakuwa na vyeo, na wengi hawakujua kuandika majina yao wenyewe ambayo ninyi mtayasoma. Kama wao waliweza kuanzisha shule, ninyi mnaojua kusoma, kuhesabu na kupanga hamna sababu ya kushindwa kuanzisha kitu: maktaba kijijini, darasa la wasioona, zahanati kwenye kisiwa ambacho bado hakina. Deni lenu kwa waasisi hamtaweza kuwalipa wao, kwa kuwa wengi wamekwisha kwenda. Mtalilipa kwa watoto ambao bado hawajazaliwa, na siku moja shule fulani itayatafuta majina yenu.